Uloto wa Nusu Mlingano: Pimeni Kingamwili Kabla, Pimeni na Baada

Mgonjwa anayepandikizwa uloto wa ndugu anayelingana naye nusu anaweza kulipoteza pandikizi hilo kwa sababu iliyokuwa ikizunguka katika damu yake miezi mingi kabla hajalazwa. Sababu hiyo ni kingamwili ambazo mwili wake ulizitengeneza dhidi ya antijeni za mtu ambaye sasa anaitwa mchangiaji wake. Msimamo wangu ni huu: pale ambapo mgonjwa na mchangiaji hawalingani kikamilifu, kingamwili hizi zipimwe kabla ya kumteua mchangiaji, zipimwe tena baada ya kupandikiza, na inapowezekana hatua ya kwanza iwe kubadili mchangiaji, si kupigana vita na kingamwili. Anayezichukulia kama mstari wa ziada kwenye majibu ya maabara anacheza na roho ya mtu, maana mgonjwa ambaye uloto wake umekwisha kuteketezwa kwa dawa hana pa kurudi pandikizi lisiposhika.

Tuanze na hicho kinacholingana au kutolingana. Juu ya karibu seli zetu zote kuna protini ziitwazo HLA, ambazo jeni zake ziko kwenye kromosomu ya 6. Mfaransa Jean Dausset aliieleza ya kwanza mwaka 1958, na mwaka 1980 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na George Snell na Baruj Benacerraf. Kila mtu hurithi seti moja ya jeni hizi kwa baba na nyingine kwa mama. Kwa hiyo ndugu yako wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana nawe kikamilifu, asilimia 50 ya kulingana nusu, na asilimia 25 ya kutolingana kabisa. Mzazi na mtoto wake wa kumzaa hulingana angalau nusu daima. Asiye na ndugu anayelingana hutafutiwa mtu baki katika sajili za wachangiaji, na hapo asili ya mtu huamua mengi. Uchambuzi wa sajili ya Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa mweupe mwenye asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya asilimia 75 ya kumpata mchangiaji anayelingana vizuri, ilhali mweusi mwenye asili ya Amerika ya Kusini au ya Kati alikuwa na asilimia 16. Watu wenye asili ya Afrika wana aina nyingi zaidi za HLA, na walioandikishwa katika sajili hizo ni wachache.

Kwa watu wa asili yetu, basi, mchangiaji wa nusu mlingano mara nyingi ndiye pekee aliyepo. Mlango wake ulifunguliwa zaidi na madaktari wa Johns Hopkins, Baltimore, walioanza kutoa siklofosfamaidi siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikiza. Dawa hiyo huziua seli T ambazo zimechokozwa na ugeni zikaanza kugawanyika kwa kasi, lakini seli shina hunusurika kwa kuwa zina kimeng'enya kinachoizimisha. Hatari ya pandikizi kumshambulia mwenyeji, yaani mgonjwa aliyelipokea, ikashuka kiasi cha kuwezesha mzazi, mtoto au ndugu yeyote anayelingana nusu kuchangia. Mafanikio hayo ndiyo yaliyozaa dhana ninayoipinga, kwamba tatizo la kutolingana limekwisha. Siklofosfamaidi inashughulika na seli zinazogawanyika. Kingamwili iliyokwisha kuwamo kwenye plazma ni protini tu, haigawanyiki. Seli ya plazma inayoitengeneza imetulia ndani ya uloto wa mgonjwa, nayo haigawanyiki, na inaweza kuishi miaka. Dawa za maandalizi zinazotolewa kabla ya kupandikiza, hata zile kali, haziziui seli hizo zote kwa wakati.

Ushahidi wa jambo hili uko wazi kwa kila anayepandikiza uloto. Mgonjwa wa kundi O akipewa uloto wa mtu wa kundi A, chembe nyeupe na chembe sahani zinaweza kushika vizuri huku chembe nyekundu zikikawia kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Kinachozizuia ni kingamwili dhidi ya A zinazoendelea kutengenezwa na seli za plazma za mwenyeji zilizosalia. Ikiwa seli hizo zinaweza kusalia na kuzuia chembe nyekundu, hakuna sababu ya kuamini kwamba zile zinazotengeneza kingamwili za HLA zimefagiliwa.

Jinsi kingamwili zinavyoliua pandikizi

Seli shina za damu, zile zinazotambuliwa kwa alama ya CD34, zimebeba HLA za daraja la kwanza, yaani A, B na C, pamoja na DR ya daraja la pili. Siku ya kupandikiza huingizwa kwa mshipa kama damu nyingine yoyote, na njia yao ya kuelekea kwenye uloto ni plazma ile ile yenye kingamwili. Zikinaswa, huangamizwa kwa njia mbili. Protini za komplementi zinaweza kujipanga juu ya seli na kuutoboa utando wake. Au seli za ulinzi, hasa katika wengu na ini, zinaitambua seli iliyovikwa kingamwili kuwa ya kuondolewa, na kuimeza. Seli shina zinazotolewa ni chache ukilinganisha na kazi inayozingoja, hivyo upotevu wa njiani unaumiza. Daktari anangoja neutrofili, aina ya chembe nyeupe, zifike 500 katika kila mikrolita, kipimo cha kusema pandikizi limeshika. Siku ya 28 inafika, bado.

Waliopandikiza figo waliujua ukweli huu mapema. Mwaka 1969 Patel na Terasaki wa Los Angeles waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 30 ambao seramu yao iliziua seli za mchangiaji maabara, 24 walipoteza figo mara moja. Kati ya 195 ambao seramu yao haikufanya hivyo, ni 8 tu walioipoteza. Kwenye uloto somo lilichelewa kwa sababu inayoeleweka: wachangiaji wengi wa miaka hiyo walikuwa ndugu waliolingana kikamilifu, na kingamwili ya HLA haina cha kushika pale ambapo HLA za pande mbili ni zile zile. Milango ya kutolingana ilipofunguliwa, tatizo likajitokeza. Mwaka 2009, kituo cha MD Anderson cha Houston kiliripoti wagonjwa 24 waliopandikizwa uloto wa nusu mlingano. Wanne walikuwa na kingamwili dhidi ya mchangiaji siku ya kupandikizwa, na kwa watatu kati yao pandikizi halikushika. Kati ya 20 wasiokuwa nazo, ni mmoja tu. Mwaka uliofuata, utafiti wa wachangiaji wasio ndugu nchini Marekani ulizikuta kwa wagonjwa 9 kati ya 37 waliopoteza pandikizi, na kwa mmoja kati ya 78 wa kulinganishia.

Mwaka 2015 timu ya Houston iliongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Kati ya wagonjwa 122, 22 walikuwa na kingamwili dhidi ya mchangiaji, lakini waliolipoteza pandikizi ni 7 kati ya hao 22. Kilichowatenganisha ni nguvu ya kingamwili na uwezo wake wa kuishika C1q, protini inayouanzisha mfululizo wa komplementi. Watano ambao kingamwili zao zilikuwa bado zinaishika C1q siku ya kupandikizwa walilipoteza pandikizi wote. Wanne ambao uwezo huo uliondolewa kwa tiba kabla ya siku hiyo, wote pandikizi lilishika. Kwa maneno mengine, hatari hii hupimika, na hupungua ikishughulikiwa mapema.

Kingamwili hizi zinatoka wapi? Kingamwili za kundi la damu hujitokeza zenyewe utotoni. Hizi za HLA kwa kawaida huhitaji mwili ukutane na HLA ya mtu mwingine, na njia kuu ni tatu: ujauzito, kuongezewa damu, na upandikizaji uliotangulia. Utafiti wa wachangia damu wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulizikuta kwa asilimia 1.7 ya wanawake ambao hawakuwahi kushika mimba, asilimia 11.2 ya waliobeba mimba moja, na asilimia 32.2 ya waliobeba nne au zaidi.

Sasa chukulia mama wa watoto wanne anayeugua lukemia. Watoto wake wote ni watu wazima, wana afya, na kila mmoja yuko tayari kumtolea mama uloto. Familia inaona hakuna mchangiaji bora kuliko damu yake mwenyewe. Lakini ile nusu ya HLA wasiyolingana na mama yao ni waliyoipata kwa baba, na ndiyo hasa mwili wa mama ulikutana nayo katika kila ujauzito. Mtoto huyo mwenye nguvu za ujana anaweza kuwa mchangiaji mbaya kuliko mjomba wake wa miaka hamsini. Tena baba naye ana seti mbili za HLA, na kila mtoto amechukua mojawapo. Mama anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya seti moja na asiwe nazo dhidi ya nyingine, kwa hiyo watoto wawili wa nyumba moja wakawa mmoja anafaa na mwingine hafai. Hili halionekani kwa macho wala kwa mapenzi. Linaonekana maabara tu.

Hoja tatu zinazopotosha

Ya kwanza nimeisikia mara nyingi: mgonjwa na mchangiaji wakiwa kundi moja la damu, mambo yamenyooka. Kundi la damu ni sukari zilizo juu ya chembe nyekundu. HLA ni protini, na chembe nyekundu zilizokomaa zina kidogo mno. Watu wawili wa kundi O wanaweza wasilingane HLA hata moja, na ndugu wawili waliolingana HLA zote wanaweza kuwa na makundi tofauti ya damu.

Ya pili ni ya wataalamu, nayo ni kuiabudu namba. Kipimo cha siku hizi hutumia shanga ndogo sana, kila aina ikiwa imepakwa HLA moja. Seramu ya mgonjwa huchanganywa nazo, kisha mashine husoma mng'ao wa kila shanga, unaoitwa MFI. Vituo vingi huanza kuwa macho MFI ikivuka 1,000, na wasiwasi huwa mkubwa ikivuka 5,000. Lakini mng'ao si wingi. Kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi, protini za komplementi hujazana juu ya shanga na kuufunika mng'ao, na jibu dogo likatoka kwa mgonjwa aliye hatarini kuliko wote. Njia ya kulibaini hilo ni kuizimua seramu na kupima upya. Upande wa pili, HLA iliyoharibika umbo juu ya shanga inaweza kunasa kingamwili zisizoweza kuigusa HLA iliyo nzima juu ya seli hai, na mgonjwa akanyimwa mchangiaji mzuri bure. Kwa hiyo MFI isomwe pamoja na krosimachi ya seramu ya mgonjwa na seli hai za mchangiaji, pamoja na kipimo cha C1q panapokuwa na uwezo. Atakayetoa uamuzi kwa namba moja peke yake anakisia.

Ya tatu hujitokeza baada ya kupandikiza, nayo ina sura mbili. Wapo wanaolifunga faili la kingamwili siku seli zilipoingia mwilini, na wapo ambao kingamwili ikionekana tu hutangaza kwamba pandikizi limekataliwa. Wote wanakosea. Kingamwili za aina ya IgG hupungua kwa nusu kila baada ya siku 21 hivi zisipotengenezwa upya, na seli mpya za mchangiaji nazo huzinyonya. Zikishuka huku damu ikizidi kuwa ya mchangiaji, hiyo ni habari njema, hata kama bado hazijafikia sifuri. Zikibaki juu au zikipanda, huku sehemu ya seli za mchangiaji ikipungua, hatari ipo mlangoni. Zikizuka ghafla kwa mgonjwa ambaye hakuwa nazo, swali la kwanza liwe amepewa nini wiki hiyo. Plazma na chembe sahani kutoka kwa mwanamke aliyezaa mara nyingi, na hata imunoglobulini ya kwenye chupa, zinaweza kuwa na kingamwili za HLA ambazo ni wageni wapitao. Zaidi ya hayo, seli B za mchangiaji kwa kawaida hazitengenezi kingamwili dhidi ya HLA zake mwenyewe. Kingamwili halisi dhidi ya mchangiaji inayoendelea kupanda inatuambia kwamba kinga ya mwenyeji bado iko hai. Na pandikizi linaposhindwa pasipo kingamwili yoyote, yatafutwe mengine: seli T za mwenyeji zilizosalia, seli chache mno, maambukizi ya virusi, dawa, au ugonjwa wenyewe kurejea.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni orodha. Kila ndugu anayeweza kulingana nusu aandikwe: wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja, wa baba mmoja au mama mmoja, kisha wajomba, mashangazi na binamu. Familia zetu kubwa ni sajili ambayo nchi nyingi tajiri hazina, na ni upotevu kusimama kwa mtu wa kwanza aliyejitokeza. Seramu ya mgonjwa ipimwe mapema na majibu yalinganishwe na HLA za kila aliye kwenye orodha. Chama cha Ulaya cha upandikizaji wa damu na uloto, EBMT, kilitoa mwongozo wa jambo hili mwaka 2018 kwa upandikizaji wa nusu mlingano, kwa hiyo hakuna kituo kinachoweza kusema hakina pa kuanzia. Akipatikana ndugu ambaye mgonjwa hana kingamwili dhidi yake, mara nyingi achukuliwe huyo hata kama umri wake ni mkubwa kiasi.

Pasipo mbadala, kingamwili zipunguzwe kabla ya kupandikiza. Kubadilisha plazma huondoa takribani asilimia 60 ya IgG iliyo kwenye mishipa kwa mara moja, lakini zaidi ya nusu ya IgG ya mwili iko nje ya mishipa na hurudi kujaza nafasi. Ndiyo maana hufanywa mara kadhaa kwa kuachanisha siku, kukifuatiwa na imunoglobulini. Rituksimabu huziua seli B, lakini haizigusi seli za plazma kwa kuwa hazina alama ya CD20. Botezomibu na daratumumabu ndizo huzilenga hizo. Kituo cha Houston huongeza chembe nyeupe za mchangiaji zilizopigwa mionzi, zitangulie kunyonya kingamwili kabla seli shina hazijaingia. Chembe sahani zenye HLA husika zinaweza kufanya kazi hiyo kwa daraja la kwanza pekee, kwa sababu hazina HLA za daraja la pili. Baada ya yote hayo kipimo kirudiwe kabla dawa za maandalizi hazijaanza. Zikiwa bado zinaishika C1q, busara ni kuahirisha ikiwa ugonjwa unaruhusu.

Baada ya kupandikiza, ratiba ninayoipendekeza kwa kila aliyekuwa na kingamwili ni kupima wiki ya kwanza, ya pili na ya nne, kisha kila mwezi hadi mwezi wa tatu, siku zote pamoja na kipimo cha kuonyesha damu ni ya nani kwa kiasi gani. Kupima kingamwili pasipo kipimo hicho cha pili ni kusoma nusu ya barua. Ikibidi kupandikiza upya, mchangiaji wa pili asiwe na zile HLA zilizomponza wa kwanza.

Kwa Afrika Mashariki nina neno la ziada. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini Tanzania. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huo, na familia nyingine za Tanzania na Kenya huenda India. Mtoto mwenye ndugu anayelingana kikamilifu hana haja ya kuogopa kingamwili dhidi ya HLA za ndugu huyo. Asiye naye atatazama nusu mlingano, na atafika huko akiwa amekwisha kuongezewa damu mara nyingi. Kila chupa ya damu isiyochujwa chembe nyeupe ni mafunzo kwa kinga yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 kwa wagonjwa wa lukemia ulionyesha kuwa kuzichuja chembe nyeupe katika chembe sahani wanazoongezewa, au kuzipiga chembe sahani hizo mionzi ya urujuanimno, kulishusha waliopata kingamwili kutoka asilimia 45 hadi kati ya 17 na 21. Kichujio kwa mgonjwa anayetarajiwa kupandikizwa ni akiba ya matibabu ya kesho. Dawa ya hidroksiyurea pia inasaidia: utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa hupunguza haja ya kuongezewa damu. Na pale ambapo damu ya ndugu hupewa mgonjwa yule yule aliyemtolea, utaratibu huo ukome kwa wanaotarajiwa kupandikizwa. Ndugu anayempa damu leo anaweza kuwa anamfundisha mgonjwa kuukataa uloto wake kesho.

Kwa daktari, ombi langu ni moja: usimteue mchangiaji asiyelingana kikamilifu kabla hujaona seramu ya mgonjwa imepimwa dhidi yake. Kwa mgonjwa na familia: andikeni tarehe za kila chupa ya damu na idadi ya mimba zote, zikiwamo zilizoharibika, mzibebe kila mnapokwenda, na kabla ya kutia saini yoyote ulizeni kama kingamwili dhidi ya mchangiaji wenu zimepimwa na majibu yako wapi. Mkiambiwa haikuwa lazima kwa sababu tu ni ndugu, msitie saini.